Magnesiamu ya Mshipa kwa Pumu Iliyobana: Mambo Anayopaswa Kujua Mtumiaji

Pumu ni ugonjwa sugu wa njia za hewa unaowapata watoto na watu wazima. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 262 duniani walikuwa na pumu, na kwamba watu 455,000 walifariki mwaka huo kwa sababu yake. Vifo vingi hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako wagonjwa wengi hawajatambuliwa au hawapati tiba ya kutosha.

Miongoni mwa dawa zinazotumika hospitalini shambulio la pumu linapokuwa kali ni magnesiamu salfeti inayotiwa mshipani. Watu wengi huisikia kwa mara ya kwanza wakiwa kando ya kitanda cha mgonjwa wao, nao hujiuliza maswali matatu. Je, hii siyo dawa ya wajawazito? Mbona karatasi yake ya maelezo haitaji pumu? Na ikiwa inasaidia kweli, kwa nini isiuzwe dukani ili tuiweke nyumbani? Katika makala hii tunayajibu maswali hayo, kisha tunaeleza jambo ambalo ni kubwa kuliko dawa yenyewe: namna ya kumfikisha mgonjwa mahali inapotolewa kabla hajachelewa.

Kinachotokea kifuani

Njia za hewa za mtu mwenye pumu huwa na uvimbe wa kudumu, na huchokozeka upesi zinapokutana na vumbi, moshi, baridi, mafua au manyoya ya wanyama. Shambulio linapoanza, mambo matatu hutokea kwa pamoja. Misuli laini inayozunguka vijia vya hewa hujikaza. Kuta za vijia hivyo huvimba kwa ndani. Na makohozi mazito huziba nafasi iliyobaki. Hewa huingia kwa taabu na hutoka kwa taabu zaidi. Ndiyo maana kifua hutoa sauti ya mluzi, hasa mgonjwa anapotoa pumzi.

Hakuna dawa moja inayoyaondoa mambo yote matatu kwa mara moja. Tiba ya dharura huenda kwa hatua, na kila hatua ina kazi yake.

Dawa zinazotangulia

Ya kwanza ni salbutamoli ya kuvuta, ambayo hulegeza misuli iliyojikaza. Hutolewa kwa kifaa ambacho wengi hukiita inhela au pampu, kikiunganishwa na chombo cha kupitishia dawa kiitwacho speza, au kwa mashine ya nebulaiza inayoigeuza dawa kuwa ukungu mwepisi. Katika saa ya kwanza hospitalini dawa hii hurudiwa mara kadhaa. Ya pili ni oksijeni, kwa mgonjwa ambaye kiwango chake katika damu kimeshuka. Ya tatu ni dawa ya jamii ya steroidi, mara nyingi vidonge vya prednisoloni, ambayo hupunguza uvimbe. Steroidi hazifanyi kazi papo hapo. Huchukua saa kadhaa, na kwa sababu hiyo hutakiwa kuanza mapema. Kwa shambulio kali huongezwa ipratropiamu, dawa nyingine ya kuvuta inayosaidiana na salbutamoli.

Wagonjwa wengi hupata nafuu kwa dawa hizo. Magnesiamu huja baada yake, kwa wale ambao kifua hakijafunguka. Jopo la kimataifa la wataalamu wa pumu, linalojulikana kwa kifupisho cha GINA, linaeleza wazi kwamba magnesiamu ya mshipa si dawa ya kumpa kila mwenye shambulio. Inafikiriwa kwa mgonjwa aliyefika akiwa na pumzi ndogo mno, na kwa mtu mzima au mtoto ambaye amepewa tiba ya mwanzo ipasavyo lakini oksijeni yake bado iko chini.

Mtumiaji ashike jambo hili. Mgonjwa ambaye hakupewa magnesiamu hajanyimwa tiba, iwapo dawa zilizotangulia zimemtosha. Kadhalika, dripu ya magnesiamu haiwezi kuziba pengo la salbutamoli, oksijeni au steroidi ambazo hazikutolewa.

Je, siyo dawa ya wajawazito?

Ndiyo, ni dawa ileile. Magnesiamu salfeti ya sindano imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya kifafa cha mimba. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kuwa dawa hii hupunguza takribani kwa nusu hatari ya kupata kifafa hicho kwa mjamzito mwenye dalili zake za awali. Kwa kuwa wanaoihitaji zaidi ni wajawazito, huenda katika baadhi ya vituo ikawa inatunzwa wodi ya wazazi. Ndugu wa mgonjwa wa pumu asishangae akiona muuguzi anakwenda kuichukua huko.

Matumizi yake katika pumu nayo si mageni. Jarida la tiba la Argentina lilichapisha habari zake tangu mwaka 1936. Namna inavyofanya kazi haijaeleweka kikamilifu, ila maelezo yanayokubalika zaidi ni haya. Ili msuli ujikaze, kalsiamu hulazimika kuingia ndani ya seli zake. Magnesiamu hushindana na kalsiamu na kuizuia kuingia, na msuli hulegea. Njia hii ni tofauti na ile ya salbutamoli, na ndiyo sababu magnesiamu inaweza kuongeza nafuu pale salbutamoli ilipofikia kikomo chake.

Inasaidia kwa kiasi gani?

Tunapenda mtumiaji apewe kiasi halisi cha faida, bila kutiwa chumvi na bila kubezwa. Mapitio ya kitaalamu ya mtandao wa Cochrane yaliyotolewa mwaka 2014 yaliunganisha tafiti 14 zenye jumla ya watu wazima 2,313. Yalionyesha kuwa katika kila wagonjwa 100 waliopewa magnesiamu ya mshipa, wagonjwa 7 hivi waliepuka kulazwa ambao vinginevyo wangelazwa. Kwa watoto ushahidi ni mdogo zaidi: mapitio ya mwaka 2016 yalikuta tafiti 5 tu zenye watoto 182, ingawa matokeo yake yalielekea upande huohuo wa kupunguza kulazwa.

Utafiti mkubwa zaidi kwa watu wazima ulifanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2013. Ulihusisha wagonjwa 1,109 katika idara 34 za dharura. Kati ya waliopewa magnesiamu ya mshipa, asilimia 72 walilazwa. Kati ya waliopewa maji yasiyo na dawa, asilimia 78. Tofauti hiyo haikuwa kubwa ya kutosha kuondoa shaka. Kundi la tatu lilivuta magnesiamu kwa nebulaiza, na asilimia 79 yao walilazwa, yaani hawakupata faida yoyote ya kuonekana.

Kwa lugha nyepesi: magnesiamu ya mshipa humsaidia mgonjwa mmoja mmoja kati ya wengi, na haimsaidii kila mtu. Kwa kuwa dozi moja huleta madhara machache inapotolewa chini ya uangalizi, wataalamu wameona inafaa kujaribiwa kwa mgonjwa ambaye hali yake ni mbaya. Hakuna msingi wa kuamini kuwa ni dawa ya miujiza, wala wa kumwahidi mtu hivyo.

Kwa nini karatasi ya maelezo haitaji pumu?

Swali hili linatuhusu sisi moja kwa moja, kwa kuwa kazi ya mamlaka ya udhibiti ni kuidhinisha dawa pamoja na maelezo yanayoambatana nayo. Dawa huidhinishwa kwa matumizi ambayo mtengenezaji ameyaombea na kuyawasilishia ushahidi. Magnesiamu salfeti ni dawa ya zamani, haina hataza, na hutengenezwa na viwanda vingi. Kiwanda hakipati faida kubwa kwa kugharimia maombi mapya ya matumizi ambayo madaktari wanayafahamu tayari. Kwa hiyo hata Uingereza na Marekani, ambako hutolewa kwa pumu mara kwa mara, ugonjwa huo haumo katika matumizi yaliyoidhinishwa kwenye maelezo yake.

Kutoandikwa huko hakuifanyi tiba kuwa haramu wala ya kubahatisha. Daktari anaruhusiwa kutumia dawa iliyosajiliwa kwa tatizo jingine ikiwa kuna ushahidi na mwongozo wa kitaalamu unaomuunga mkono, naye hubeba wajibu wa uamuzi huo. Mgonjwa au ndugu yake ana haki ya kuelezwa: dawa gani inatolewa, kwa sababu gani, na nini kinatazamiwa. Ruhusa hiyo ni ya mtaalamu aliye na mgonjwa mbele yake. Haimpi muuzaji yeyote kibali cha kutangaza magnesiamu kuwa dawa ya pumu.

Kwa nini haiuzwi dukani ukaiweka nyumbani?

Sababu ya kwanza ni kipimo. Kwa pumu mtu mzima hupewa gramu 2 mara moja tu, zikiwa zimechanganywa na maji ya dripu na kuingizwa polepole kwa muda wa dakika 20 hivi. Mtoto hukadiriwa kwa uzito wake. Kichupa cha mililita 10 chenye nguvu ya asilimia 50 kina gramu 5, yaani zaidi ya mara mbili ya dozi hiyo. Wala dozi za wodi ya wazazi haziwezi kunakiliwa, kwani katika utaratibu mmoja unaotumika sana kwa kifafa cha mimba dozi ya kuanzia hufikia gramu 14, sehemu kubwa ikichomwa kwenye msuli. Anayekosea hesabu hapa anaweza kuua.

Sababu ya pili ni uangalizi. Madhara ya kawaida ni joto na wekundu usoni, kichefuchefu, kuumwa kichwa na shinikizo la damu kushuka. Ikizidi mwilini, mgonjwa hulegea, goti lake huacha kuruka linapogongwa, kisha pumzi hupungua na moyo huweza kusimama. Kwa hiyo kituo kinachoitoa kinapaswa kuwa na mtu wa kupima shinikizo la damu, kuhesabu pumzi na kufuatilia oksijeni, na kiwe na kalsiamu glukoneti karibu, ambayo ndiyo dawa ya kuondoa sumu yake.

Sababu ya tatu ni hali ya mgonjwa mwenyewe. Magnesiamu hutolewa mwilini na figo. Figo zikiwa dhaifu, dozi ambayo kwa mwingine ni salama hujilimbikiza.

Chumvi ya haluli si mbadala

Chumvi ya haluli inayouzwa madukani kwa ajili ya kuharisha ni magnesiamu salfeti pia. Jina lake la Kiingereza lilitokana na mji wa Epsom huko Uingereza, ambako maji ya chemchemi yalisifika katika karne ya 17. Kutokana na undugu huo wa jina, baadhi ya watu hudhani kuwa kuinywa kutafungua kifua. Haiwezi. Ikinywewa, sehemu ndogo tu huingia katika damu. Iliyobaki huvuta maji tumboni na kuharisha, na mgonjwa anayehangaika kupumua huongezewa upungufu wa maji mwilini. Vidonge vya virutubisho vyenye magnesiamu navyo havitibu shambulio la pumu. Hatari kubwa kuliko zote ni mtu kuyeyusha chumvi ya haluli, au magnesiamu salfeti inayouzwa kama mbolea, na kuichoma kwa sindano. Bidhaa hizo hazikutengenezwa kwa usafi wa dawa ya mshipa, na kufanya hivyo kunahatarisha maisha.

Ukiona au kusikia mtu anauza dripu au sindano ya magnesiamu ya kutibu pumu majumbani, toa taarifa kwa mamlaka ya dawa iliyo karibu nawe au kwa mganga mkuu wa wilaya.

Dalili za kutongoja

Magnesiamu haina maana kwa mgonjwa aliyebaki nyumbani. Mara nyingi kinachoamua uhai wake ni muda uliopotea kabla ya kuondoka. Mpeleke mgonjwa hospitalini mara moja ukiona mojawapo ya dalili hizi:

– hawezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja, au mtoto anashindwa kunyonya au kula;
– anapumua kwa kasi, mabega yanapanda, au ngozi ya kati ya mbavu inaingia ndani;
– amevuta salbutamoli lakini nafuu haiji, au inakuja na kuondoka upesi;
– midomo au kucha zimebadilika rangi kuwa za bluu au kijivu;
– amesinzia, amechanganyikiwa au amechoka mno;
– kifua kilichokuwa kikilia mluzi kimenyamaza ghafla ilhali bado anahangaika.

Dalili ya mwisho huwapotosha wengi. Ukimya huo si nafuu. Ni ishara kwamba hewa inayopita imekuwa ndogo mno kutoa sauti.

Mkiwa mnasubiri usafiri au mko njiani, mketishe mgonjwa wima na umpe salbutamoli yake ya kuvuta. Mwongozo unaotumika Uingereza ni pulizo moja kila baada ya nusu dakika hadi dakika moja, hadi mapulizo 10. Tumia speza ikiwezekana. Asiye nayo anaweza kutumia chupa safi ya plastiki ya nusu lita: toboa kitako chake tundu linaloshika mdomo wa inhela bila kuvujisha hewa, mgonjwa aweke mdomo wa chupa kinywani, apulizie mara moja, kisha avute pumzi kadhaa kabla ya pulizo linalofuata. Utafiti uliofanywa kwa watoto nchini Afrika ya Kusini na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa chupa ya namna hii inafanya kazi vizuri kama speza za kiwandani. Vidonge vya salbutamoli si mbadala wakati wa shambulio, kwa kuwa hufanya kazi polepole na huleta mapigo ya moyo na kutetemeka zaidi.

Zahanati isipokuwa na magnesiamu, msiizunguke mkitafuta kituo chenye nayo. Ingieni hapo, mgonjwa aanze salbutamoli, steroidi na oksijeni kama ipo, kisha apewe rufaa akiwa ameshaanza tiba.

Mambo ya kusema na kuuliza

Kabla ya dripu, mgonjwa au ndugu yake amweleze mtoa huduma iwapo mgonjwa:

– ana ugonjwa wa figo au mkojo wake umepungua;
– ana ugonjwa wa moyo, au ana ugonjwa wa kudhoofika misuli;
– anatumia dawa za shinikizo la damu, hasa nifedipini;
– ni mjamzito;
– tayari amepewa magnesiamu katika kituo kingine siku hiyo, na ni kiasi gani. Omba kiasi hicho kiandikwe katika barua ya rufaa.

Dawa ikianza kuingia, si ajabu mgonjwa akahisi joto mwilini. Lakini akilegea, akisinzia, akiona kizunguzungu au pumzi ikipungua, mwite muuguzi hapohapo. Usiongeze wala kupunguza kasi ya dripu kwa mkono wako, hata kama inaonekana kwenda polepole. Kasi hiyo imepangwa kwa makusudi.

Baada ya kuruhusiwa

Dripu ya magnesiamu huisha kazi yake haraka na haitibu uvimbe uliosababisha shambulio. Kwa hiyo maliza vidonge vya steroidi ulivyoandikiwa hata kama umepata nafuu siku ya pili. Muulize daktari kuhusu inhela ya kila siku yenye steroidi. Tangu mwaka 2019 GINA haipendekezi tena mtu mzima au kijana mwenye pumu kutegemea salbutamoli peke yake, kwa sababu hutuliza dalili huku uvimbe ukiendelea chini kwa chini. Mwombe pia mfamasia akutazame unavyotumia inhela yako na akurekebishe.

Panga kurudi kliniki ndani ya siku chache, ukiwa na inhela zako zote na karatasi uliyopewa wakati wa kuruhusiwa. Ikiwa dawa yoyote uliyopewa ilikuletea madhara, omba fomu ya taarifa za madhara ya dawa katika kituo chako, uijaze wewe mwenyewe au kwa msaada wa mtoa huduma. Andika jina la dawa, kiwanda, namba ya toleo iliyo kwenye kichupa, siku uliyopewa na kilichotokea. Taarifa hizo ndizo zinazotuwezesha kufuatilia usalama wa dawa inayotumika kila siku kwa tatizo ambalo karatasi yake haikulitaja.